Kugeuza Safumlalo kuwa Safuwima: Ulizo la Kanzidata na Hatima ya Visawe katika Orodha Linganishi za Lahaja

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi ulizo la kanzidata linavyogeuza data za kilahaja zilizohifadhiwa kwa safumlalo, yaani umbo moja katika kila mstari, zikawa jedwali linganishi ambamo kila lahaja ina safuwima yake. Inaonyeshwa kuwa kazi hiyo, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ya kifundi tu, ina hatua moja ambapo kompyuta hulazimika kubakiza umbo moja kati ya maumbo kadhaa. Mtafiti asipofanya uchaguzi huo mwenyewe, hufanywa na mpangilio wa alfabeti. Mifano imetolewa kutoka Kiunguja, Kimvita na Kiamu, na kutoka katika visawe vya asili ya Kibantu na vya asili ya Kiarabu.

1.0 Utangulizi

Mwanaisimu anayekusanya maneno uwandani huandika kadiri anavyosikia. Kila mstari wa daftari lake hubeba jambo moja: neno fulani, la lahaja fulani, kutoka kwa msemaji fulani, siku fulani. Anaporejea mezani huhitaji kitu cha sura nyingine kabisa. Huhitaji jedwali ambalo dhana zimeshuka upande wa kushoto na lahaja zimepangwa juu, ili jicho lipite kutoka Kiunguja hadi Kimvita hadi Kiamu kwa mkupuo mmoja. Utaratibu huo si mgeni katika taaluma ya Kiswahili. Tangu C. H. Stigand alipochapisha kitabu chake kuhusu mabadiliko ya kilahaja mwaka 1915, hadi kazi kubwa ya Nurse na Hinnebusch ya mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, hoja za kihistoria zimesimama juu ya maumbo yaliyowekwa bega kwa bega.

Zamani ugeuzaji huo ulifanywa kwa mkono. Maneno yalinakiliwa kutoka daftarini hadi kwenye kadi, na kutoka kwenye kadi hadi kwenye karatasi pana iliyochorwa mistari. Kazi hiyo ilichosha na ilileta makosa ya kunakili, lakini ilikuwa na faida moja ambayo haikutajwa sana. Mnakili alipokuta maneno mawili kwa dhana moja katika lahaja moja, alilazimika kusimama. Kisanduku kilikuwa kimoja na maneno yalikuwa mawili, kwa hiyo alipaswa kuamua: ayaandike yote, au abakize moja na kueleza sababu. Ulizo la kanzidata halisimami. Hutoa jedwali safi kwa muda mfupi mno, na usafi huo ndio unaostahili kutiliwa shaka.

2.0 Sababu ya kuhifadhi data kwa safumlalo

Huenda ikaulizwa kwa nini data zisiingizwe kwenye kompyuta tangu mwanzo zikiwa na safuwima moja kwa kila lahaja, ili haja ya kugeuza isiwepo. Wengi hufanya hivyo, hasa wanaotumia lahajedwali (na jina lenyewe, kwa bahati, lingefaa sana jedwali la lahaja). Jibu linapatikana katika msingi wa kanzidata husianifu uliowekwa na E. F. Codd wa IBM katika makala yake ya mwaka 1970. Katika muundo huo safuwima hutaja sifa, na safumlalo hubeba tukio moja lenye sifa hizo. “Lahaja” ni sifa ya umbo lililorekodiwa. “Kimvita” si sifa, bali ni thamani mojawapo ya sifa hiyo. Kuipandisha Kimvita ikawa kichwa cha safuwima ni sawa na kutunga kamusi ambayo badala ya kuwa na kipengele cha “ngeli” ina vipengele kumi na zaidi, kila kimoja kikiwa na jina la ngeli yake, na vyote isipokuwa kimoja vikiwa vitupu kwa kila nomino.

Madhara yake hujitokeza upesi. Mtafiti akienda Pemba na kurudi na orodha mpya, hana budi kubadili muundo wa jedwali lenyewe badala ya kuongeza mistari tu. Akitaka kuandika jina la kijiji, umri wa msemaji au tarehe ya mahojiano, hajui aziweke wapi, kwa sababu mstari mmoja sasa una wasemaji watatu. Akipata visawe viwili huvibana katika kisanduku kimoja kwa mkwaju au mkato, na kuanzia hapo kompyuta huviona kuwa neno moja refu la ajabu.

Ndiyo maana mpango wa Cross-Linguistic Data Formats, uliotangazwa mwaka 2018 kwa ajili ya kubadilishana data za ulinganishaji wa lugha, umechagua safumlalo. Katika jedwali lake la maumbo kila mstari una kitambulisho chake, kitambulisho cha lugha, kitambulisho cha dhana, na umbo lenyewe. Mwanafunzi anayepakua data za aina hiyo leo hukutana na mistari inayofuatana, wala hakuti jedwali linganishi lililo tayari. Kuligeuza ni kazi yake.

3.0 Ulizo la kugeuza

Mfano mwepesi umo katika sarufi. Viambishi awali vya nafsi vikiandikwa kwa safumlalo vitakuwa mistari sita: nafsi ya kwanza, umoja, ni-, nafsi ya kwanza, wingi, tu-, nafsi ya pili, umoja, u-, na kuendelea. Kila kitabu cha sarufi hugeuza mistari hiyo sita kuwa mitatu yenye safuwima mbili, “umoja” na “wingi”. Maneno hayo mawili, ambayo mwanzoni yalikuwa thamani ndani ya mistari, yamepanda na kuwa vichwa. Hicho ndicho kiini cha ugeuzaji, na mwanaisimu amekifanya maisha yake yote bila kukipa jina.

Ichukuliwe sasa kuwa kanzidata ina jedwali liitwalo maumbo, lenye safuwima tatu: dhana, lahaja na umbo. Sehemu ya jedwali hilo ni kama ifuatavyo:

Jedwali 1: Data kama zilivyohifadhiwa

dhana | lahaja | umbo
NJIA | Kiunguja | njia
NJIA | Kimvita | ndia
NJIA | Kiamu | ndia
JANA | Kiunguja | jana
JANA | Kimvita | jana
JANA | Kiamu | yana

Mistari huendelea hivyo hivyo kwa dhana za NJAA, CHEKA, MOJA na JUA, hivyo jumla yake ni mistari 18. Ulizo la kuigeuza, kwa lugha ya SQL, ni hili:

SELECT dhana,
  MAX(CASE WHEN lahaja = 'Kiunguja' THEN umbo END) AS kiunguja,
  MAX(CASE WHEN lahaja = 'Kimvita' THEN umbo END) AS kimvita,
  MAX(CASE WHEN lahaja = 'Kiamu' THEN umbo END) AS kiamu
FROM maumbo
GROUP BY dhana;

Ulizo hili husomeka vizuri zaidi likianziwa ndani. Kishazi cha CASE ni chekecho. Kinapokutana na mstari wa Kimvita, chekecho cha Kimvita hupitisha umbo, na vyekecho vingine viwili huacha utupu, ambao SQL huuita NULL. Hatua hiyo pekee haipunguzi mistari. Dhana ya NJIA bado ina mistari mitatu, kila mmoja ukiwa na umbo moja na nafasi mbili tupu. Kinachofuata ni GROUP BY, ambayo hukusanya mistari yote ya dhana moja katika fungu moja na kudai kwamba kila fungu litoe mstari mmoja tu. Hapo ndipo MAX inapoingia. Fanksheni hii hupuuza utupu na kurudisha thamani kubwa kuliko nyingine. Kwa kuwa katika kila safuwima ya fungu la NJIA kuna thamani moja tu isiyo tupu, hiyo ndiyo hurudishwa.

Ikumbukwe kuwa katika ulizo hili MAX haikuwekwa kwa sababu mtu anatafuta neno kubwa, kwani katika isimu hakuna neno kubwa. Imewekwa kwa sababu SQL hairuhusu fungu litoe thamani nyingi katika kisanduku kimoja, hivyo lazima iwepo fanksheni ya kujumuisha, na MAX ndiyo iliyozoeleka mikononi mwa mafundi. MIN ingefanya kazi ileile na kutoa matokeo yaleyale. Angalau kwa data hizi.

Jedwali 2: Matokeo ya ulizo

dhana | kiunguja | kimvita | kiamu
NJIA | njia | ndia | ndia
NJAA | njaa | ndaa | ndaa
CHEKA | cheka | teka | teka
JANA | jana | jana | yana
MOJA | moja | moja | moya
JUA | jua | jua | yua

Kilichokuwa kimefichika katika mistari 18 sasa kinajitokeza chenyewe. Mistari mitatu ya juu inawatenga wasemaji wa Kiunguja upande mmoja, na wa Kimvita na Kiamu upande wa pili: nj ya Unguja ni nd kaskazini, na ch ni t. Mistari mitatu ya chini inachora mpaka mwingine, unaopita mahali pengine. Hapa Kimvita kinaungana na Kiunguja kwa j, na Kiamu kinabaki peke yake kwa y. Mipaka hii miwili haifanani, na kutofanana huko ndiko kunakoonyesha kuwa mabadiliko hayo ni matukio mawili ya kihistoria na si moja.

Aidha, jedwali lililogeuzwa likipewa jina, tuseme linganishi, laweza nalo kuulizwa. Agizo lifuatalo hutafuta dhana ambazo Kimvita na Kiamu hukubaliana dhidi ya Kiunguja:

SELECT dhana FROM linganishi
WHERE kimvita = kiamu AND kimvita <> kiunguja;

Jibu ni NJIA, NJAA na CHEKA. Katika orodha ya dhana elfu moja, agizo hilo hilo la mistari miwili lingeokoa wiki nzima ya kupekua karatasi. Hata hivyo, kompyuta hulinganisha herufi na haisikii sauti. T ya kaskazini katika neno teka lenye maana ya “cheka” ni ya meno, nayo katika lahaja hizo ni fonimu tofauti na t ya ufizi. Othografia ya Kiswahili sanifu haina alama ya kuzitenganisha. Mtafiti aliyeingiza data kwa othografia hiyo amekwisha kuifuta tofauti hiyo kabla ulizo halijaandikwa, na hakuna ustadi wa SQL utakaoirudisha.

4.0 Kisanduku kimoja, maneno mawili

Data za Jedwali 1 ziliteuliwa makusudi ziwe na umbo moja kwa kila dhana katika kila lahaja. Uwanda hauna nidhamu hiyo. Msemaji mzee akiulizwa samaki huitwaje, aweza kujibu samaki, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kuwa wazee walisema nswi. Mtafiti mwangalifu huandika yote mawili, kila moja na mstari wake. Kwa kufanya hivyo amefuata kanuni zote za uhifadhi bora. Lakini fungu la dhana hiyo sasa lina thamani mbili ndani ya chekecho kimoja.

Ichukuliwe kuwa mzee huyo wa lahaja moja ameulizwa dhana nne na kutoa visawe viwili kwa kila dhana, kimoja chenye asili ya Kiarabu na kingine cha Kibantu: samaki na nswi, sita na tandatu, saba na mfungate, tisa na kenda. Hizo ni safumlalo nane. Ulizo la sehemu ya 3.0 likitumika bila kubadilishwa, MAX itarudisha neno ambalo ni la mwisho kwa alfabeti, nayo MIN itarudisha la kwanza.

Jedwali 3: Matokeo ya fanksheni mbili kwa data zilezile

dhana | kwa MAX | kwa MIN
SAMAKI | samaki | nswi
SITA | tandatu | sita
SABA | saba | mfungate
TISA | tisa | kenda

Atakayetumia MAX atahesabu maneno matatu yenye asili ya Kiarabu kati ya manne, yaani asilimia 75. Atakayetumia MIN atahesabu moja, yaani asilimia 25. Msemaji ni yuleyule na daftari ni lilelile. Kilichotofautiana ni herufi tatu za ulizo, ambazo huenda zimenakiliwa kutoka kwenye mwongozo wa kompyuta ulioandikwa kwa ajili ya hesabu za duka. Wala haiwezi kudaiwa kuwa kosa hili huelekea upande mmoja daima, ili lirekebishwe kwa makadirio. Katika dhana ya SITA, MAX imependelea Kibantu, kwa sababu tu t hufuata s katika alfabeti.

Uzito wa jambo hili hauhitaji kuelezwa kwa kirefu mbele ya wasomaji wanaoujua mjadala wa asili ya Kiswahili. Asilimia za maneno ya mkopo zimetumiwa katika mjadala huo kwa miongo mingi na pande zote. Hali kadhalika, kazi za leksikostatistiki, kama ule uchunguzi wa Nurse na Philippson wa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 1980, hutegemea asilimia za maneno yenye nasaba moja kati ya lugha na lugha. Tofauti ya asilimia chache huweza kuhamisha lugha kutoka tawi moja hadi jingine la mchoro wa nasaba. Katika kazi za kabla ya kompyuta, kanuni ya kushughulikia visawe ilikuwa sehemu ya mbinu za utafiti na ilipaswa kuelezwa. Haifai ipotee sasa kwa kuwa imejificha ndani ya mabano.

Hata mpangilio wa alfabeti wenyewe hauko imara. Katika SQLite, ambayo ni kanzidata ndogo inayotumiwa sana na watafiti binafsi, ulinganishaji wa kawaida hufuata namba za msimbo wa herufi, na herufi kubwa zote hutangulia ndogo. Mnakili akiandika “Tisa” kwa herufi kubwa, kwa vile lilikuwa mwanzo wa sentensi, MAX ya Tisa na kenda itakuwa kenda. Katika kanzidata nyingine, yenye mpangilio usiojali ukubwa wa herufi, itakuwa Tisa. Asili ya neno imeamuliwa na kidole kilichogusa au kutogusa kitufe cha herufi kubwa.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kujua kama ugonjwa upo. Kabla ya kugeuza chochote, yafaa data ziulizwe hivi:

SELECT dhana, lahaja, COUNT(*)
FROM maumbo
GROUP BY dhana, lahaja
HAVING COUNT(*) > 1;

Ulizo hili huorodhesha kila mahali ambapo kisanduku kimoja kitadaiwa na maumbo mawili au zaidi. Jibu likiwa tupu, MAX haina madhara. Jibu likiwa na mistari, mtafiti amerejeshwa mahali ambapo mnakili wa kadi alisimama, na kuna njia kadhaa mbele yake.

Njia ya kwanza ni kuyabakiza yote. Badala ya MAX huwekwa fanksheni inayounganisha maneno kwa mkato: GROUP_CONCAT katika MySQL na SQLite, STRING_AGG katika PostgreSQL na katika SQL Server tangu toleo la mwaka 2017, au LISTAGG katika Oracle. Kisanduku kitasomeka “nswi, samaki”. Jedwali la namna hii lafaa kuchapishwa na kusomwa na binadamu, lakini halifai kulinganishwa kwa alama ya usawa, kwa sababu “nswi, samaki” si sawa na “samaki”.

Njia ya pili ni kuchagua kwa kanuni iliyotamkwa. Jedwali la maumbo huongezewa safuwima ya kipaumbele, ambamo mtafiti, akiwa bado na msemaji mbele yake, huandika 1 kwa neno lililotolewa kwanza na 2 kwa lililofuata. Ulizo kisha huwekewa sharti WHERE kipaumbele = 1. MAX itabaki palepale, lakini sasa haitakuwa na la kuchagua. Njia hii ndiyo bora kwa leksikostatistiki, nayo ina gharama: lazima iamuliwe kabla ya safari ya uwandani. Kipaumbele kinachobuniwa ofisini miaka miwili baadaye ni kumbukumbu ya mtafiti na si ushahidi wa msemaji.

Njia ya tatu, ambayo hutumika pale visawe vyenyewe vinapokuwa mada ya utafiti, ni kutokubana kabisa. Kisawe hupewa mstari wake hata katika jedwali lililogeuzwa, kwa kuongeza safuwima ya kipaumbele katika GROUP BY pamoja na dhana. SAMAKI itakuwa na mistari miwili. Jedwali litarefuka na halitapendeza sana, lakini halitakuwa limepoteza neno.

5.0 Kisanduku kitupu

Kinyume cha wingi ni utupu. Jedwali lililogeuzwa huonyesha NULL popote ambapo chekecho hakikupitisha kitu, na utupu huo una maana zaidi ya moja. Pengine dhana haikuulizwa. Pengine iliulizwa na msemaji hakulijua neno, jambo ambalo si ajabu kwa dhana kama THELUJI na BARAFU, zilizomo katika orodha ndefu ya Swadesh na ambazo zinamhusu kidogo mkazi wa Lamu. Pengine neno lilitolewa lakini kanda haikusikika. Katika safumlalo tofauti hizi huweza kuhifadhiwa kwa safuwima ya hali. Zikigeuzwa bila safuwima hiyo, zote huwa weupe wa aina moja.

Kwa SQL utupu si sawa na kitu chochote, hata utupu mwenzake, wala haihesabiwi kuwa ni tofauti nacho. Sharti la kimvita <> kiamu halitatoa mstari ambao Kiamu ni tupu, na sharti la kimvita = kiamu halitautoa pia. Mstari huo hutoweka pande zote mbili. Orodha ikiwa na dhana 100, Kiamu kikakosa 20, na yakapatikana maneno 60 yanayolingana, jibu ni asilimia 75 kwa anayegawanya kwa dhana 80 zilizolinganishwa, na asilimia 60 kwa anayegawanya kwa dhana zote. Kigawanyo kilichotumika kitajwe wazi.

6.0 Lahaja isiyotajwa na lahaja iliyohamishwa

Ulizo la sehemu ya 3.0 lina udhaifu mwingine: majina ya lahaja yameandikwa ndani yake. Orodha ya Kipemba ikiongezwa katika jedwali la maumbo, ulizo litaendelea kutoa lahaja tatu bila kulalamika. SQL, iliyosanifiwa nchini Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987, hutaka safuwima za jibu zijulikane kabla data hazijasomwa. Watengenezaji wa kanzidata wamejaribu kurahisisha kazi, kila mmoja kwa njia yake. Microsoft Access ina agizo la TRANSFORM lenye PIVOT, ambalo hujitafutia vichwa lenyewe. SQL Server ilipata PIVOT mwaka 2005, na Oracle katika toleo la 11g la mwaka 2007, lakini katika zote mbili vichwa kwa kawaida hutajwa na mwandishi wa ulizo. MySQL na SQLite hazina agizo hilo. Njia ya CASE hufanya kazi karibu kote, isipokuwa Access, ambayo haina CASE katika SQL yake, na ndiyo sababu ya kufundishwa kwanza.

PostgreSQL ina kiambatisho chenye fanksheni iitwayo crosstab, na hiyo yahitaji tahadhari ya pekee kwa mwanaisimu. Ina namna mbili. Namna ya kwanza hupewa ulizo moja tu, na hujaza visanduku kutoka kushoto kwenda kulia kadiri maumbo yanavyofuatana, bila kuangalia ni ya lahaja gani. Ichukuliwe kuwa safuwima zimepangwa Kiamu, Kimvita, Kiunguja, na kwamba umbo la Kiamu kwa dhana ya JUA halikurekodiwa. Maumbo yaliyopo ni mawili, jua la Kimvita na jua la Kiunguja. Fanksheni itaweka la kwanza chini ya Kiamu na la pili chini ya Kimvita, na kuiacha Kiunguja tupu. Jedwali litasema kuwa watu wa Lamu husema jua, yaani litafuta mpaka wa j na y uliodhihirika katika Jedwali 2, na halitatoa onyo lolote. Namna ya pili hupewa ulizo jingine linaloorodhesha lahaja zote kwa mpangilio, na hapo kila umbo huenda mahali pake na pengo huachwa pengo. Kwa data za uwandani, ambazo hazikosi mapengo, namna hii ya pili pekee ndiyo inayofaa.

Kipimo cha mwisho ni kurudi nyuma. Jedwali lililogeuzwa huweza kurejeshwa kuwa safumlalo kwa kuchukua kila safuwima pamoja na jina lake, kuacha visanduku vitupu, na kuziunganisha kwa UNION ALL. Idadi ya mistari iliyorudi hulinganishwa na ya awali. Mistari 18 ya lahaja tatu hurudi 18. Ile minane ya mzee wa sehemu ya 4.0, ikipita katika MAX, hurudi minne: samaki, tandatu, saba na tisa.